Milango Kumi na Tisa ya Kompyuta Moja

Daftari langu lina ukurasa mmoja ambao mtu asiyenijua akiusoma atadhani niliwahi kuwa na nyumba ya wageni. Juu kabisa nimeandika, "Mlango 6060, mwenyewe." Chini yake, "6061, Mwalimu." Halafu, "6062, wanawake." Halafu, "6063, mgeni wa ghafla." Orodha inashuka hivyo mpaka 6078, na mbele ya kila namba kuna alama za vema nilizokuwa natia kila asubuhi kwa kalamu nyekundu.

Sikuwa na nyumba ya wageni. Nilikuwa na steshenari, na bado ninayo, hapa Bagamoyo, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti, natia vyeti vya watu kwenye plastiki ya moto. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ninayoyaeleza yanahusu mambo ya kompyuta, na huenda mahali fulani nitakosea jina la kitu. Nilichokiona kwa macho yangu nitakisema. Nilichoambiwa nitasema nimeambiwa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Miono, alisoma mambo ya kompyuta chuoni Dar. Alipomaliza alikuja kukaa kwangu, akawa anatafuta kazi ya kuandika programu. Alitafuta kwa miezi mingi. Mwishowe alikubaliana na mama yake kwamba asipopata mpaka baada ya Idi, atakwenda Chalinze kukaa kaunta kwenye duka la shemeji yake la misumari na mabati. Shemeji alishamtengea kiti. Sina neno na misumari, ni riziki kama nyingine, ila nilimwona siku alipoambiwa habari ya kile kiti. Alisema, "Sawa, Mama," akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alikuwa akijifunzia kwenye kona ya duka langu, kwenye laptopu yake. Akanieleza kwamba lugha ya kuandikia programu ina maneno mengi mno, hakuna anayeyashika yote kichwani. Kwa hiyo wenye lugha yao wameandika maelezo ya kila neno: linafanya kazi gani, linataka lipewe nini, linakurudishia nini. Watu huyasoma mtandaoni. Mtandao wa dukani kwangu unakuja na kuondoka kama mteja asiye na haja, basi akayashusha maelezo yote siku moja ulipokuja, akayahifadhi kwenye kompyuta ya duka, na juu yake akaweka programu ndogo ya kuyagawa. Yeyote aliyeungwa na ruta yetu, akiandika anwani ya ile kompyuta na namba ya mlango, anasoma bila bando na bila mtandao wa nje.

"Kwa hiyo ni maktaba," nilimwambia.

"Ni maktaba, Mjomba."

"Na hiyo programu ndiyo mkutubi."

"Hasa. Ila mkutubi mwenyewe hutamwona. Anafanya kazi kwa ndani huku wewe unachapa barua zako. Hakusumbui."

Akanionyesha jinsi ya kumwamsha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika mstari mmoja wenye namba ya mlango, 6060, na mwisho wa mstari unaweka ile alama iliyojikunja kama mtu aliyekaa chini akakumbatia magoti yake. Alama hiyo ndiyo inayomwambia mkutubi akae ndani asishike skrini. Ukibonyeza, kompyuta inakujibu kwa namba mbili, moja fupi kwenye mabano na nyingine ndefu, halafu basi. Kimya.

Kimya hicho ndicho kilichonitesa. Mashine zote za dukani kwangu zinajieleza. Ya kopi inatoa mwanga, printa inalia, ya plastiki inanuka ikishapata moto. Huyu mkutubi hakuwa na mwanga wala sauti wala harufu.

Basi dada yangu akateleza kisimani, akavunjika kifundo cha mguu, na mpwa wangu akaenda Miono kumuuguza. Alikaa karibu wiki tatu. Kabla ya kuondoka aliniandikia maagizo kwenye karatasi, nikayatia plastiki nikayabandika ukutani. Yalisema kila asubuhi nihakikishe maktaba inafanya kazi. Umeme ukikatika, niiwashe upya kwa ule mstari. Kompyuta ikisema mlango unatumika, nijaribu namba inayofuata. Na kwamba Mwalimu na wale mabinti wawili wa chuo, waliokuwa wakijifunza naye kompyuta, wanaruhusiwa kuja kusoma.

Kusema haki, hakuna kosa kwenye maagizo hayo. Nimeyasoma mara nyingi tangu wakati ule nikitafuta kosa lisilo langu, sijalipata.

Asubuhi ya kwanza nikaona nitahakikishaje kitu kisichoonekana? Nikaandika ule mstari. Kompyuta ikanijibu kwa Kiingereza, nikamwita Mwalimu aliyekuwa anapita, akasema, "Inasema mlango huo una mtu." Mtu akishaingia humtoi. Mimi ni Mkwere, nimelelewa hapa pwani, siwezi kumvuta mtu kitini kwa sababu nimeamka na mimi. Nikasoma maagizo: jaribu namba inayofuata. Nikaandika 6061. Ikajibu namba zake mbili. Nikazinakili kwenye daftari kama mtu anayepokea risiti, roho ikatulia.

Asubuhi ya pili nikajiuliza kama wa jana yupo bado. Nikaandika 6062.

Hapo ningeweza kuacha. Lakini Mwalimu akaja kusoma, akauliza aingilie mlango upi, na mimi nikiwa na mitatu sikuona vizuri mtu mzima, mwalimu wa hesabu, aingie mlango mmoja na wale mabinti. Msikitini wanawake wana mlango wao, shughulini wana upande wao, hata nyumbani kwangu kuna mlango wa uani. Nikampa Mwalimu 6061, mabinti nikawapa 6062. Nikaandika vibandiko vya rangi mbili.

Lazima nimweleze huyu Mwalimu. Ni Msukuma, amefundisha sekondari ya hapa miaka mingi, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na mimi na yeye ni watani kwa makabila yetu. Anayejua utani anajua maana yake: anaweza kuniambia neno lolote na sina ruhusa ya kukasirika, na mimi hivyo hivyo kwake. Siku ya tatu tu alishaanza.

"Wewe Mkwere, mlango wa akina mama unafunguka haraka kuliko wangu."

"Ni mawazo yako."

"Nimehesabu sekunde. Mimi ni mtu wa hesabu. Mababu zangu walitembea kwa miguu kutoka kwetu mpaka hapa, mkawachelewesha mlangoni. Na mimi unanichelewesha."

Sikutaka isemwe napendelea. Nikamfungulia mlango mwingine, 6064, uwe wa akiba, akichoka na ule. Mabinti wakasikia, wakasema kama Mwalimu ana miwili na wao wako wawili, basi hesabu haiko sawa. Walikuwa wanacheka waliposema hivyo, nakumbuka vizuri, ila mimi niliona wana hoja. Nikawafungulia wa pili. Baadaye nikafikiri mpwa wangu akirudi atakuta mlango wake wa 6060 umetumiwa na kila mtu, nikamwekea mwingine safi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Jirani yangu ni fundi cherehani, mama wa Kizaramo, hatua sita kutoka kwangu. Hajui kompyuta wala hataki kuijua. Akaja siku moja na futi yake shingoni, akasimama mbele ya vibandiko.

"Haya yote ya nani?"

Nikamweleza.

"Mwalimu anayo miwili, na si wa hapa. Mimi nimekaa na wewe ukuta kwa ukuta mwaka wa kumi na ngapi huu?"

"Wewe unataka mlango wa nini, jirani?"

"Sijasema nautaka. Nimesema nimeona."

Nikamfungulia 6069. Aliuliza uko wapi, nikamwonyesha namba kwenye kibandiko, akaitazama, akasema, "Mzuri," akarudi kushona.

Kila nilipompa mtu mlango nilimwambia maneno haya, nayo ni muhimu kwa yaliyofuata: "Huu ni wako, hautafungwa bila wewe kuambiwa." Niliona ni adabu tu.

Siku moja umeme ukakatika. Uliporudi milango yote ilikuwa imekufa, nikakaa saa nzima nikiifungua mmoja mmoja kwa kufuata daftari. Mwalimu akanionea huruma. Alisogeza kiti, akaandika andika, akasema, "Sasa hata umeme ukatike mara mia, yote itajifungua yenyewe." Nilimshukuru sana. Nilimpa kopi za mtihani wake wa kidato cha pili, na akasema kwa Mkwere ni ukarimu wa kutisha.

Kompyuta ilikuwa imeanza kuwa nzito. Nikibonyeza herufi, inatokea baada ya mimi kusahau nilitaka kuandika nini. Nilidhani ni vumbi. Nikaipangusa.

Mpwa wangu alirudi Jumatano akiwa amejaa furaha na hofu. Kampuni moja ya Dar ilikuwa imempa jaribio. Alhamisi saa tatu asubuhi wangemtumia kazi, Ijumaa kabla ya saa sita mchana awe ameirudisha. Ilikuwa programu ya kupokea oda za watu kutoka kwenye simu na kuwapa namba za zamu, na yenyewe ikae ikifanya kazi kwa ndani bila kuonekana. Akifaulu, kazi ni yake, na ataifanyia hapa hapa Bagamoyo. Akikosa, Idi ilishapita, Jumatatu ni Chalinze.

"Mtandao wa nje si tatizo," alisema. "Nautaka mara mbili tu, kupokea na kutuma. Mengine yote yako kwenye maktaba yetu. Inafanya kazi, Mjomba?"

"Inafanya kazi sana," nilisema.

Alhamisi alikaa kwenye kona yake, akapokea kazi, akaanza. Saa tano akaomba ukurasa wa kwanza wa maelezo. Ukurasa haukuja. Akaomba tena. Feni ya kompyuta ya duka ilikuwa inalia kama pikipiki inayopanda mlima. Akaja kwenye kiti changu, akagusa kipanya, kishale hakikusogea.

"Imeganda. Naizima niiwashe."

Ilizimwa, ikawashwa. Ikaamka vizuri, ikakaa kidogo, halafu feni ikaanza tena kulia. Safari hii aliwahi kufungua dirisha jeusi kabla haijaganda. Ikaja orodha ya vyote vinavyofanya kazi kwa ndani. Nilisimama nyuma yake. Mstari ule ule, ulioandikwa sawa sawa, ulijirudia ukaijaza skrini, ukapanda juu ukapotea.

"Mjomba," alisema polepole, "hawa ni akina nani?"

Nilifikiri kusema sijui. Nakiri kwamba nilifikiri hivyo, kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikaenda kwenye droo nikamletea daftari.

Alisoma ukurasa wote. Alisoma "wanawake", akasoma "mgeni wa ghafla", akasoma "6074, dada yangu Miono, kwa heshima." Alipofika mwisho alifunga daftari, akaliweka mapajani.

"Na hizi vema nyekundu?"

"Kila asubuhi nilikuwa nahakikisha. Kama ulivyoagiza."

"Mjomba, milango hii yote kumi na tisa inaingia chumba kimoja. Maelezo ni yale yale. Ila kila mlango una mkutubi wake, na kila mkutubi anakula kumbukumbu ya kompyuta. Umeajiri wakutubi kumi na tisa kwenye kibanda cha mtu mmoja. Wamebanana, hakuna anayeweza kunyoosha mkono kuchukua kitabu."

"Mlango wa akina mama haukuwa na haraka zaidi?"

"Hapana."

Aliweka vidole kwenye vitufe. Aliniambia kuna amri moja inayowaua wote kwa pamoja, halafu atamwamsha mmoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamshika mkono.

"Ngoja. Niliwaahidi watu hautafungwa mlango wa mtu bila kuambiwa."

Alinitazama. Nimeuandika mtazamo ule kwenye daftari kwa maneno manne tofauti, nikayafuta yote. Hakuwa na hasira. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama tena mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni haki yao. Basi nenda ukawaambie, Mjomba. Nakusubiri."

Nikatoka na daftari kwapani. Kwanza nilikwenda kwa fundi. Alikuwa anapinda mikono ya gauni la shughuli.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kuufunga mlango wako."

"Nani anautaka?"

"Hakuna anayeutaka. Mpwa wangu ana mtihani, na milango imezidi."

"Sijawahi kuuona, sijawahi kuupita. Lakini siutoi hivi hivi. Sema unauomba."

"Nauomba."

"Chukua. Mwambie mtoto nimempa mimi."

Mabinti wa chuo niliwapata wakila chipsi. Walikubali wote wawili mara moja, mmoja akaomba kibandiko abaki nacho. Dada yangu nilimpigia simu Miono. Hakujua kama ana mlango, na nilipomaliza kumweleza aliuliza kama nimekula. Mgeni wa ghafla hakuwa na mtu wa kuombwa, nikamwombea mwenyewe kimoyomoyo. Mwalimu nilimkuta darasani. Nikamwita dirishani mbele ya wanafunzi, nikamweleza.

"Mlango wangu unauawa?" alisema.

"Yote miwili."

"Na unanitangazia msiba dirishani kama muuza karanga? Nitakuja mwenyewe. Msiba wa mtani haupiti bila mimi."

Nilirudi saa nane kasoro. Mpwa wangu alikuwa anaandika, kompyuta ya duka imetulia, feni haisikiki. Nikamwambia wote wameridhia isipokuwa Mwalimu, ambaye hakukataa wala hakukubali, na kwamba kwa upande wake naona tusubiri. Akasema, "Ahsante, Mjomba," macho yakiwa kwenye laptopu. Miezi baadaye ndipo aliponiambia aliwaua wote kumi na tisa kabla sijafika kwa fundi. Na fundi, nimeshasema, yuko hatua sita. Nilipojua sikukasirika. Angesubiri ruhusa zangu, angepoteza saa mbili. Angenikatalia, ningekaa pale nikimsumbua. Nimelipima pande zote, naona alitenda haki kwa wote, hata kwangu.

Alifanya kazi Alhamisi yote iliyobaki. Ijumaa akaja mapema. Saa tano na nusu akaegemea ukuta, akasema imekamilika, imebaki kutuma. Akatazama simu. Mtandao wa dukani hakuna.

"Mnadani unashika," nilisema. Pale kwenye mnada wa samaki mtandao haukosekani, sijui ni kwa nini. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Akaibeba laptopu kifuani, ikiwa na chaji ya kubahatisha.

Mlangoni akalala Mwalimu.

Namaanisha alilala kweli. Alifika wakati ule ule, akatandaza gazeti kwenye kizingiti, akajinyoosha chali kwa mapana ya mlango, mikono kifuani, macho amefumba. Alikuwa na suruali yake nyeusi ya kazini na shati jeupe.

"Maiti haitoki humu," alisema, "mpaka mtani apewe haki yake. Milango miwili nimefiwa. Nataka jogoo."

Watu wakaanza kusimama. Asiye wa kwetu atashangaa kwa nini hatukumsukuma. Mtani msibani ana haki hiyo. Hujilaza njiani, hudai, na wafiwa humtuliza kwa kitu kidogo ndipo jeneza lipite. Mwalimu hakuwa anafanya ubaya. Hakujua saa yetu, na sina hakika kama nilimweleza vizuri pale dirishani kwamba kuna saa. Nakumbuka nilisema mtihani. Sikumbuki kusema saa sita.

"Mwalimu, tafadhali, nina haraka," mpwa wangu alisema.

"Wafiwa wote wana haraka. Jogoo."

Angeweza kumruka. Nafasi ilikuwepo. Lakini kumruka mtu mzima aliyelala ni kitu ambacho mkono wa mama yake ulishakitoa mwilini mwake tangu akiwa na miaka mitatu, na huyu alikuwa mwalimu, na kwa umri ni baba yake. Nilimwona anainua mguu mmoja, anaurudisha. Anauinua tena, anaurudisha. Saa ya ukutani ilikuwa inasoma saa tano na dakika thelathini na saba.

Mimi nilikuwa natafuta dukani kitu chenye thamani ya jogoo. Nikampa rula. Akaikataa bila kufumbua macho. Nikampa bunda la bahasha. Akasema, "Mkwere anazika kwa bahasha, mnamwona?" na watu wakacheka.

Ndipo akaja fundi. Alipita katikati ya watu, akapiga goti kando ya Mwalimu, akaivua futi shingoni. Akaiweka utosini kwa Mwalimu, akaivuta mpaka kisiginoni.

"Nyoosha miguu vizuri," alisema. "Sanda sitaki kukata mara mbili."

"Mama, sisi hatuvai sanda," Mwalimu alisema. "Tunazikwa na suti."

"Suti nashona pia. Mkono mrefu au mfupi?"

"Nadai jogoo."

"Maiti za Kisukuma husema sana. Kifua... Geuka nipime mgongo. Hutaki? Basi nitakata kwa kukisia." Akatoa mfukoni chaki ya bluu, ile ya kuchorea vitambaa, akailaza kwenye paja la ile suruali nyeusi. "Mstari wa kwanza unapita hapa."

"Nina kipindi saa saba, Mzaramo wewe."

"Utakwenda nao."

Chaki ilipogusa kitambaa, maiti iliinuka. Iliinuka kwa kasi ambayo Mwalimu mwenyewe hajawahi kuwa nayo darasani, na kabla hajamaliza kupangusa paja, mpwa wangu alikuwa ameshapita. Nikamfuata na mwavuli.

Alitumia mnadani, amekaa juu ya boksi la barafu. Kulia kwetu walikuwa wanaita bei ya jodari, kushoto mtu anapara magamba yanaturukia. Mimi nilishika mwavuli kuifunika skrini aone. Mara ya kwanza ikakatika. Mara ya pili ikaenda, mstari wa bluu wa kuonyesha inavyokwenda ukatambaa mpaka mwisho, ikabaki dakika tatu kuingia saa sita. Alifuta gamba lililoganda kwenye kitufe, akafunga laptopu, ikazimika yenyewe saa ile ile. Chaji ilikuwa imekwisha. Kutoka msikitini tukasikia wanaita Ijumaa, nikaenda kuswali na viatu vinanuka samaki.

Jumatatu hakwenda Chalinze. Walimwita kwenye mazungumzo ya simu, na wiki iliyofuata wakampa kazi. Aliniambia kilichowapendeza. Programu yake, ukijaribu kuiwasha mara ya pili wakati ya kwanza ipo, haifungui mlango mwingine na haifi kwa makosa. Inakujibu kwa upole kwamba tayari iko kazini, tumia ile ile. Walimwuliza alifikiriaje jambo hilo, kwa kuwa wenzake wote hawakulifikiria. Alisema aliwajibu kwamba ana mjomba.

Nimelitafakari sana neno hilo. Huenda ni kweli. Huenda pia alilitunga ili nisiendelee kuomba radhi, kwa sababu nilikuwa naomba radhi kila siku wakati wa chai, na najua kitu hicho huchosha. Ushahidi wa upande wa kwanza ni kwamba kazi aliipata. Ushahidi wa upande wa pili ni kwamba ananipenda. Siwezi kuamua, nimeandika yote mawili.

Fundi bado hudai kwamba mlango aliutoa yeye. Mwalimu alipewa jogoo, wa kweli, kwa sababu haki ya mtani ni haki, na alimla nyumbani kwangu pamoja na sisi sote huku akilalamika kwamba amekonda. Ile suruali haikutoka chaki.

Kompyuta ya duka ina mlango mmoja sasa. Kabla ya kuanza kazi yake mpya mpwa wangu aliibadilisha ile programu ya maktaba kidogo, kwa ajili yangu. Kila asubuhi nafungua dirisha jeusi, naandika ule mstari wenye alama iliyojikunja, nabonyeza. Yeye anakaa kona ile ile anafanya kazi ya watu wa Dar, anajifanya hanitazami. Kompyuta inanijibu kwa Kiswahili: "Nipo, Mjomba. Usinifungue tena." Naandika vema nyekundu kwenye daftari, kisha nafungua mashine ya kopi.